Daftari la Msomaji wa Kuazima

Ukiishi Ilembo, hapa Manispaa ya Mpanda, vitabu vingi utakavyosoma maishani havitakuwa mali yako. Kimoja utaazima kwa mwalimu, kingine ataleta binamu yako akija likizo kwa treni kutoka Tabora, cha tatu utakikuta kwa fundi cherehani kikiwa hakina jalada, ukisome pale pale huku ukingoja suruali yako. Utakimaliza, utakirudisha, nacho kitaendelea na safari yake kwa mtu mwingine. Baada ya miaka mingi ukiangalia rafu ya nyumbani utaona Biblia au Msahafu, vitabu vya shule vya watoto, na labda kijitabu cha kilimo bora cha mahindi. Mgeni akiingia hawezi kujua kwamba mwenye nyumba ni msomaji. Na wewe mwenyewe utakuwa umesahau vingi kuliko unavyodhani.

Aliye na kabati zima la vitabu sebuleni anaweza kuishi bila kuandika alichosoma, kwa sababu kila akipita kabati linamkumbusha. Msomaji wa kuazima hana kabati. Daftari ndilo maktaba yake, na mwongozo huu ni wake yeye.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Katika darsa za pwani, mwanafunzi alipotaka kiwango chake kijulikane hakuulizwa vitabu vingapi anavyo. Aliulizwa amesoma kitabu gani na kwa nani. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoandika habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki aliwataja pamoja na walimu wao, na ndivyo tunavyojua leo elimu ilipita mikono ya nani. Ng'ambo nako wapo walioandika. Charles Darwin aliweka madaftari ya vitabu alivyosoma na alivyokusudia kusoma kuanzia 1838 hadi 1860. Mwimbaji Art Garfunkel wa Marekani alianza orodha yake mwaka 1968 na imepita vitabu 1,000. Lakini mimi namfuata zaidi Sheikh Farsy. Lile swali la "kwa nani" ndilo linalomfaa msomaji wa Ilembo, na nitalirudia hapa chini.

Anza na daftari lenyewe. Nenda steshenari ukanunue kauntabuku ya kwaya mbili yenye jalada gumu, ile wanayotumia wenye maduka kuandikia madeni. Ina kurasa 192. Ukiweka vitabu vinne kwa ukurasa utapata nafasi ya vitabu 768. Msomaji anayemaliza kitabu kimoja kwa mwezi atalijaza kwa miaka 64, yaani akianza akiwa na miaka 15 litamfikisha 79. Anayesoma viwili kwa mwezi litamtosha miaka 32, kisha anunue la pili. Nasema hivi kwa sababu watu wengi huanza na daftari jembamba la shule, likiisha wananunua jingine, la kwanza linachukuliwa na mtoto kufanyia hesabu, na kazi yote inapotea. Nunua moja kubwa. Lifunike kwa karatasi ya kaki kama ulivyofundishwa shuleni, uandike juu yake VITABU NILIVYOSOMA, jina lako na mwaka uliolianza.

Kalamu iwe biki ya kawaida. Wino wa biki una mafuta, hivyo tone la maji likiangukia ukurasa maandishi hubaki. Kalamu za jeli zinapendeza sana mkononi, ila wino wake una maji, na bati likivuja usiku mmoja wa Februari utaamka ukute ukurasa umekuwa wa buluu mtupu. Penseli nayo hufutika kurasa zinaposuguana.

Usichore safu kama za rejista. Safu hukubana: jina refu halienei, na safu ya maoni huishia kujaa neno "nzuri" kutoka juu hadi chini. Andika kila kitabu kama aya fupi ya mistari saba au minane. Ianze na namba na tarehe uliyomaliza. Fuatisha jina la kitabu kama lilivyochapwa, mwandishi, mchapishaji na mwaka. Kisha kimetoka kwa nani na kimekwenda wapi. Mwisho, maneno yako.

Kwenye jina la mwandishi usifanye haraka. Wasomaji wa riwaya za Zanzibar wanajua usumbufu wa Muhammed Said Abdulla, Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed. Wa kwanza ndiye wa mpelelezi Bwana Msa na *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), wa pili ni wa *Nyota ya Rehema* (1976), wa tatu ni wa *Utengano* (1980). Ukiandika "Mohamed" peke yake, baada ya miaka kumi hutajua ulimsoma nani, na ukitaka kutafuta kitabu chake kingine utaazima cha mtu mwingine. Adam Shafi naye kwenye *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya mwaka 1978 ameandikwa Shafi Adam Shafi. Andika kama kilivyo kwenye jalada, kisha pembeni uweke jina analojulikana nalo.

Kitabu kilichotafsiriwa kina watu wawili, na wote waandikwe. *Juliasi Kaizari* ni wa Shakespeare, lakini Kiswahili ulichokisoma ni cha Julius Nyerere, ambaye tafsiri yake ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Kumwacha mfasiri ni kumnyima mtu haki yake. Na jirani aliyekulia kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi ya Katumba au Mishamo akikuazima kitabu cha Kirundi au cha Kifaransa, andika jina la kitabu kwa lugha hiyo hiyo, usilitafsiri, maana ukija kukitafuta kwa jina la Kiswahili ulilotunga mwenyewe hutakipata popote.

Vitabu vya huku vina tabia ya kupoteza jalada na kurasa za mwanzo. Kabla hujakata tamaa, fungua katikati. Vingine huwa na jina la kitabu juu ya kila ukurasa. Kama ukurasa wa haki za mchapishaji umesalia au jalada la nyuma bado lipo, tafuta namba ya ISBN uinakili yote. Mbali na kukutambulishia kitabu, inasema kimetoka wapi: yenye 9976 au 9987 ni ya Tanzania, yenye 9966 ni ya Kenya, yenye 9970 ni ya Uganda. (Namba hizo huja mwanzoni kabisa kwenye vitabu vya zamani, na baada ya 978 kwenye vile vya kuanzia 2007.) Ukiwa na jina, mwandishi na namba hiyo, hata Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, unaweza kuingia na kuuliza ukaeleweka. Ukiwa na "kile cha jalada jekundu kuhusu yule mzee", mkutubi hata akiwa na moyo mwema hawezi kukusaidia.

Sasa nirudi kwenye "kwa nani". Hapa ndipo daftari la msomaji wa kuazima linapotofautiana na orodha ya mwenye kabati. Ukiandika kwamba kitabu umekipata kwa mwalimu fulani, kikarudi kwake tarehe fulani, umefanya mambo matatu kwa mstari mmoja. Umejiwekea ushahidi kwamba deni umelilipa. Umejua pa kukifuata ukitaka kukisoma tena. Na polepole unapata picha ya nani hapa Mpanda ana kitabu gani. Baada ya miaka kadhaa utagundua kwamba maktaba ya mtaa ipo, imetawanyika tu: riwaya mbili ziko kata ya Makanyagio, tamthiliya iko kwa katekista, vitabu vya historia viko kwa mstaafu wa reli aliyejenga kata ya Nsemulwa. Hakuna mtu mwingine mwenye katalogi ya maktaba hiyo isipokuwa wewe. Mtoto wa jirani akija anatafuta kitabu cha Kidato cha Tatu, utafungua daftari na kumwelekeza mlango wa kubisha hodi.

Na kama ni wewe uliyeazimisha, andika vile vile, ukurasa wa mwisho wa daftari ukirudi nyuma: kitabu, nani, lini. Mwambie kabisa kwamba umeandika. Mtu akijua ameandikwa hukumbuka kurudisha, wala hakuna ugomvi.

Maneno yako mwenyewe ndiyo sehemu inayowashinda wengi, na najua sababu. Shuleni tulifundishwa kuchambua: fani na maudhui, dhamira kuu na dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwake. Mtu mzima akishika kalamu baada ya kumaliza riwaya, mkono unakimbilia huko huko: "Mwandishi amefaulu kuonesha nafasi ya mwanamke katika jamii." Sentensi hiyo inaweza kuandikwa juu ya vitabu mia. Haikukumbushi chochote. Daftari hili halisahihishwi na Baraza la Mitihani. Andika kitu kilichokushika wewe: mtu uliyemchukia, mahali uliposimama ukafunga kitabu, jambo usilolikubali, jirani uliyemwona ndani ya mhusika.

Tuseme umesoma *Peponi*, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Ingizo linaweza kuwa hivi:

"47. Nimemaliza 12 Januari, mvua ya siku mbili, sikwenda shamba. *Peponi*, Abdulrazak Gurnah, mfasiri Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota, 2022. Nimeazima kwa shemeji wa Makanyagio, nimerudisha tarehe 14. Yusufu anachukuliwa kwao kwa ajili ya deni la baba yake, mwenyewe anadhani anakwenda kutembea kwa mjomba. Nimewafikiria watoto wanaoletwa mjini kuchunga na kuuza karanga, kama wameambiwa ukweli. Sikumwelewa mwishoni. Nirudie."

Tazama lilivyobeba mengi: hali ya hewa, shamba, shemeji, swali moja la kweli, na ahadi ya kurudia. Miaka ishirini baadaye mistari hiyo itakurudishia kitabu chote, na Januari yenyewe. Ukiandika "kizuri, kinafundisha" hutarudishiwa kitu.

Ukirudia kitabu, kipe namba mpya na uandike upya bila kuchungulia ulichoandika mara ya kwanza. Linganisha baadaye. *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ukiisoma ukiwa Kidato cha Pili ni hadithi ya Karama na wajumbe sita. Ukiisoma baada ya kukaa kwenye mabaraza na mikutano ya kijiji, ukaona mwenye hoja akinyamazishwa, utadhani umepewa kitabu kingine. Kwa maoni yangu kurasa hizi za marudio ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, kwa kuwa zinakuonesha wewe ulivyobadilika huku kitabu kikiwa kile kile.

Kipi kihesabiwe? Watu hubishana sana hapa, nami nina msimamo. Kitabu ulichosoma mwanzo hadi mwisho kiandikwe, hata kikiwa kijitabu cha kurasa 30 cha ufugaji wa kuku. Ulichokiacha njiani kiandikwe pia, na neno "nimeishia uk. 60" pamoja na sababu, kwa kuwa kuacha nako ni hukumu ya msomaji. Riwaya ya magazetini iliyotoka kwa mfululizo iandikwe ikiwa umeifuata hadi tamati. Kitabu cha juzuu mbili, kama ile kazi kubwa ya Aniceti Kitereza ya *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, nakipa namba moja na herufi a na b. Bibi asiyeona vizuri akisomewa na mjukuu, aandikiwe kwamba amesomewa. Sikio lake limefanya kazi ile ile ya jicho.

Ila uchambuzi si kitabu. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu limeenea sana kwenye shule zetu: mwanafunzi ananunua kitini cha uchambuzi wa riwaya na tamthiliya za mtihani, anakariri majina ya wahusika, anafaulu, na anamaliza Kidato cha Nne akiapa amesoma vitabu vyote vya Kiswahili ilhali hajawahi kukishika hata kimoja. Ukiwa mmoja wao, usiandike. Kitafute, ukisome, ndipo uandike, hujachelewa. Vivyo hivyo aliyetazama filamu ya *Vuta N'kuvute* ya mwaka 2021 ameona kazi nzuri, lakini riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 bado inamngoja.

Na vile ulivyosoma kabla ya kununua daftari? Tenga kurasa kumi za mwanzo kwa ajili yake, na usianze na miaka, maana miaka hukataa kukumbukwa. Anza na mahali. Andika kichwa kimoja kwa kila mahali ulipowahi kuishi: shule ya msingi, bweni, kwa shangazi, kambini, chumba cha kupanga. Kaa na kichwa kimoja jioni moja, ukumbuke kitanda kilikaa wapi, nani alikuwa anasoma jirani yako. Vitabu vitaanza kujitokeza kimoja kimoja. Weka herufi K kwa kila unachokitoa kwenye kumbukumbu, ili baadaye usichanganye kumbukumbu na ushahidi. Ukibahatika kukutana na kitabu chenyewe cha zamani, angalia muhuri wa shule. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Mpanda ilikuwa Rukwa. Kwa hiyo kitabu kilichogongwa muhuri wa shule ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa, kilikuwa shuleni hapo kabla ya mwaka huo. Kwa njia kama hizo unaweza kujua ulikisoma miaka gani bila kubahatisha.

Utunzaji hapa kwetu ni vita na mchwa. Usiweke daftari sakafuni, wala kwenye rafu inayogusa ukuta wa tofali mbichi, kwani mchwa hupandia ukutani ndani ya udongo wao na hutawaona hadi wamefika katikati ya kurasa. Liweke ndani ya tranka la bati lililonyanyuliwa kwa matofali manne na kuachana na ukuta kiganja kizima. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua zikiwa nzito, lifungue mara kwa mara lipate hewa, kivulini, usilianike juani hadi jalada likapinda. Usilifunge ndani ya plastiki likiwa na unyevu, litaota ukungu. Ukurasa ukichanika usikimbilie selotepu, ambayo baada ya miaka hugeuka njano na kula karatasi. Kipande chembamba cha karatasi nyembamba na gundi kidogo ya unga wa ngano kinatosha. Pini na klipu za chuma zitoe, zinashika kutu.

Simu ina kazi yake. Kila ukurasa unapojaa, upige picha na umtumie ndugu mmoja aliye mbali, Sumbawanga au Mwanza, huku ukimwomba Mungu isihitajike. Nyumba ikiungua au mto ukiingia ndani, nakala ipo. Lakini usiifanye simu kuwa daftari lenyewe. Simu huibwa, huanguka kisimani, hubadilishwa, na programu hufungwa na wenyewe bila kukuuliza. Mitandao ya wasomaji kama Goodreads, iliyoanza 2007, inafaa kwa anayesoma sana Kiingereza, ila vitabu vingi vya zamani vya Kiswahili havimo, na vijitabu ndiyo kabisa. Halafu hakuna sehemu ya kuandika "kimerudi kwa katekista".

Usishindane na mtu kwa idadi. Namba ya ingizo ipo kwa ajili ya kutafutia tu. Mwenye vitabu 40 alivyovitafuna vizuri ana daftari bora kuliko mwenye 400 vya mstari mmoja mmoja. Mwisho wa mwaka, siku ile ya tarehe 31 Desemba watu wanapongoja ibada ya mkesha, soma maingizo ya mwaka mzima kwa mfululizo. Utaona umesoma mwandishi mmoja mno, au hujagusa ushairi tangu shule, au vitabu vyote umevitoa kwa mtu mmoja ambaye wewe hujawahi kumwazima hata kimoja. Hapo unajua mwakani ufanye nini.

Ndani ya jalada la mbele andika nani alichukue daftari utakapokuwa haupo. Mtaje mtu, na umwambie mwenyewe ukiwa hai, la sivyo litauzwa pamoja na magazeti kwa wafunga karanga. Mjukuu atakayelifungua atajua babu yake au bibi yake wa Ilembo alisoma nini, aliwaza nini, na vitabu alipewa na nani.

Usingoje mwaka mpya ili uanze. Ingizo la kwanza liwe kitabu ulicho nacho mkononi wiki hii, hata kama ni cha mtoto. Na kama kuna kitabu cha mtu kimekaa kwako tangu mwaka jana, kiandike leo, kisha kirudishe.